Nyuki Waliozoea Manukato ya Shangazi

Shangazi yangu alipostaafu ukarani alinunua mizinga mitatu, akaitundika kwenye shamba lake la mtama nje kidogo ya Ipagala. Shida ilikuwa manukato. Tangu ujana wake hatoki bila kujipulizia, na nyuki walimfukuza kila alipokaribia. Bwana nyuki wa kata, mtaalamu wa ufugaji, alipomshauri aache, alimjibu, "Haya manukato nimeanza nayo wewe hujazaliwa."

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma mambo ya wadudu, nakaa kwake. Nikajitia ualimu: nikamweleza kuwa mdudu akinusa harufu ileile kila mara bila kupata dhara wala faida, vipapasio na ubongo wake huacha kuishughulikia. Nilidhani tunapiga soga tu. Kesho yake akanipa kitambaa kilicholowa manukato, nikakitundike karibu na mizinga.

Siku ya kwanza walikichoma kitambaa, halafu wakanigeukia mimi. Nilirudi mdomo wa juu umevimba, hata chai ikanishinda. Shangazi akanitazama, akasema, "Bado hawajazoea." Wiki ya pili walikizunguka tu. Ya tatu wakakipita kama hawakioni. Ndipo akaenda mwenyewe, ananukia toka mbali, akasimama kando ya mzinga na kuniita nishuhudie. Hakuna aliyemgusa. Nilijivuna kuliko yeye.

Jumapili iliyofuata alipitia shambani akitoka kanisani, amejipulizia chupa mpya aliyotumiwa na binti yake. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo moja nililosahau kumweleza: kuzoea harufu moja si kuzoea zote. Nilimwona anakatiza mtama mbio, viatu mkononi, mpaka ndani kwa jirani, mzee wa Kirangi aliyekuwa anakunywa uji wake. Hodi hakupiga. Nami nikaingia nyuma yake.

"Shikamoo," Shangazi alisema, amejifunika kitambaa cha meza kichwani.

"Marahaba," mzee akajibu. "Fungeni mlango."

Jioni nilimkwangua Shangazi miiba shingoni huku nikimwomba radhi.

"Na hii mpya itachukua wiki ngapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui, na kwamba mdomo wangu hauko tayari kujua.

Tulirina asali mwezi uliofuata. Alikuja hajajipulizia chochote, ananuka moshi, amenuna kama mtu aliyetolewa nje bila viatu. Chupa ya kwanza ya asali alimpelekea yule mzee.