Mate ya Maman Ndani ya Kachupa Kangu

Mimi niliyeanza na kuuza karanga Kavumu, leo niko na nyumba ya etaji, gorofa kabisa, katika mutaa wa matajiri wa Muhumba, niliogopa kachupa ka plastiki.

Ndugu yangu alikufa na ugonjwa wa moyo, na moyo wangu pia ulianza kusumbua. Dokteri akaniambia: «Papa, dawa moja haifai kila mutu. Utatema mate humu, wasome urithi wa mwili wako, ndiyo tujue dawa gani inakufaa.» Nikamujibu kwamba mashine yao haijaona damu kama yangu. Lakini nyumbani niliacha kachupa juu ya meza, sikutema. Na kama wangesoma humo kwamba nitamufuata ndugu yangu?

Nikawaza: maman yangu iko muzee sana, na moyo haujamusumbua hata siku moja. Nikamupelekea kachupa, nikapiga magoti, nikamuomba atemee baraka ya depo yangu mupya ya bidhaa, vile wazazi wetu wanafanyaka. Akatema kwa furaha, na mimi nikapeleka kachupa kwa dokteri kama mate yangu.

Juzi dokteri aliniita haraka. Nikaenda natoka jasho mpaka kwenye soksi, maman akanisindikiza na rozari yake.

«Papa, nilikuwa karibu kukuandikia dawa ambayo kwako ingeweza kuwa sumu. Haya mate iko ya mwanamuke,» dokteri akasema.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mashine yao imeharibika.

Maman akaacha kusali. «Mutoto wangu,» akaniuliza polepole, «ile baraka niliyotema ndani ya kachupa, uliipeleka wapi?»