Moto wa Balbina

Balbina wa Katindiuka alirithi pipa na bomba la kupikia gongo kutoka kwa mama yake, lakini uvumilivu hakurithi. Siku ya arobaini ya mama huyo alijaza kuni mpaka pipa likatokota kwa fujo.

“Punguza moto,” nilimwambia. “Molekuli za pombe zinashikana kwa ulegevu, zinapanda mapema kama mvuke. Za maji zimeng’ang’aniana. Moto huu utazing’oa zote pamoja.”

“Babu, wageni wameshafika! Niwape molekuli?”

Akachochea tena. Yakatoka maji yenye harufu. Wazee kutoka Lupiro walionja, wakaweka vikombe chini, wakaaga kwa heshima. Zamani tungeimba mpaka asubuhi. Marehemu, aliyetupikia wote, aliimbiwa na spika ya kukodi.