Kwenu Wapi, Fundi?

Jina lake halisi hakuna aliyelijua mtaani. Lilikuwa refu, na watu walishindwa kulimaliza, basi wakamwita Fundi Saa, naye akaitika. Mkewe walimwita Mama Vifungo. Huyo alikuwa haoni kifungo kinaning'inia kwenye shati la mtu akanyamaza. Atakushika palepale mlangoni, "Simama hapo, usitikisike," na kabla hujasema ulichokuja kutafuta ameshakishona na uzi ameukata kwa meno. Habari hii ni ya Mama Vifungo. Mumewe namtaja kwa sababu wale wawili huwezi kumsema mmoja ukamwacha mwenzake.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja tu, kwenye kona, mlango wake wa bluu umepauka kwa jua. Dirishani ilikuwa meza ya saa, na kioo cha kuvalia jichoni, koleo ndogondogo na visahani vya nati. Ukutani upande wa pili ilikuwa cherehani. Katikati, benchi la wateja na pasi. Humo walilea watoto, humo waligombana, humo wakazeekea.

Fundi alikuja ujanani kutoka nchi ya mbali, na begi moja na salamu chache za kubabaisha. Mama Vifungo, enzi hizo msichana mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, alimcheka hadharani kwa jinsi alivyokuwa anatamka. Yeye hakununa. Kesho yake alirudi, akasema tena, akachekwa tena. Ndivyo alivyojifunza lugha yetu, kwa kuchekwa, mpaka akafika mahali anatupiga utani sisi wenyewe tukabaki hoi. Na yule msichana akaolewa naye, maana alishamzoea, na ukweli ni kwamba alishampenda.

Lakini kuna swali moja halikumwacha. Mtu ametengenezewa saa na Fundi miaka nenda miaka rudi, akikaa tu pale kwenye benchi: "Hivi Fundi, kwenu wapi?" Fundi hainui hata kichwa. "Kwetu? Hapo kona, mlango wa bluu." Basi watu hoi kwa kicheko, naye anacheka pamoja nao. Nani kati yetu aliwahi kujiuliza kama kile kicheko kilikuwa kinamtoka moyoni? Mimi sikujiuliza.

Alipozama kwenye saa yenye ubishi, alikuwa akijisemea chinichini kwa lugha yake. Mama Vifungo, huku anakanyaga cherehani, atapaza sauti: "Wewe, ongea lugha ya watu!" Alisema kwa utani, ila utani wa kila siku nao una uzito wake. Watoto walipozaliwa, Fundi akataka kuwasemesha kwa lugha ya kwao. Mkewe akakataa katakata. "Utawachanganya watoto." Fundi akaufyata. Watoto hawakuchanganyikiwa, ni kweli. Walikua na lugha ya mama yao peke yake.

Tena palikuwa na Mama Mitumba, aliyeuza nguo karibu na kituo cha treni. Huyu alitoka nchi moja na Fundi. Fundi akipita pale kununua vipuri, anachelewa kurudi, na akirudi uso umemng'aa. Siku moja Mama Vifungo aliwafuma wanacheka mpaka wanashikana mabega, na yeye haelewi hata neno. Alichowasema hapo sitakirudia. Fundi hakusimama tena pale.

Usidhani waliishi vibaya, hapana. Mchana ukifika, Fundi alikuwa akifunika saa zake kwa kitambaa, anatenga sahani mbili, kisha anakaa, mikono juu ya magoti, anangoja. Hata njaa imuume vipi, hali mpaka cherehani inyamaze na mkewe aje kukaa. Akikaa tu: "Umechelewa." "Nimechelewa wapi, si natoka hapo tu?" Kila siku hivyo hivyo, na sijui kama kuna tonge lililowahi kushuka koo la Fundi bila neno hilo kutangulia.

Kisha kiharusi kikamwangusha pale pale mezani, kioo kikiwa bado jichoni.

Alipozinduka hospitali, alizungumza. Mkewe alishukuru kusikia sauti, kisha akasikiliza vizuri. Fundi alikuwa anazungumza lugha ya kwao, na nyingine hakuwa nayo tena. Daktari alieleza kwamba hutokea hivyo, aliyojifunza ukubwani yamefutika, yamebaki ya utotoni. "Yatarudi?" Daktari akasema kwa umri ule asitegemee sana. Akaongeza kwamba la muhimu sasa mgonjwa ale, apate nguvu. Asipokula hatafika mbali.

Na Fundi hakula. Wakamrudisha nyumbani, chumba cha nyuma ya duka. Mama Vifungo alipika uji, akapika supu, akaponda viazi. Akipeleka kijiko, mzee anafunga mdomo, anageuza uso kwa upole, anatazama mlangoni na kusema maneno fulani. Yale yale, asubuhi na mchana. Akiingia mtu yeyote, anamwambia huyo maneno mengine kwa sauti ya kuomba, huku akimwonyesha Mama Vifungo kwa kidole.

"Anataka nini, jamani?" Mama Vifungo alimwuliza binti yake mkubwa, aliyekuja kumsaidia kumgeuza. "Au ananitukana? Au kuna mwanamke aliyemwacha huko, anamwita?"

"Mimi nitajuaje, mama?" binti akasema. Kisha uchungu ukamshinda. "Si ulisema atatuchanganya?"

 Mama Vifungo alienda kukaa kwenye cherehani, akakanyaga bila kuweka kitambaa. Mume anakonda mbele ya macho yake, mbavu unazihesabu kupitia fulana, anaomba kitu, na kitu chenyewe hukijui. Alijiona mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akajikaza kisabuni, akajitanda khanga, akaenda kituoni.

Mama Mitumba alikuwa anakunja magauni. Alimwona, akaendelea kukunja.

"Mama Vifungo. Leo umenikumbuka."

"Nimekuja kukuomba, dada yangu. Nitukane kwanza kama unataka, halafu twende."

Yule mama akalikunja gauni mpaka mwisho. "Nimesikia anaumwa. Mgonjwa ni wangu pia," akasema. "Miaka yote anapita upande wa pili wa barabara, ananipungia mkono kwa kuibia. Ulidhani sijui kwa nini?" Akafunika meza kwa turubai, wakaondoka bila kusemezana.

Alipoingia chumbani na kusalimu kwa lugha ya kwao, uso wa Fundi ulifunguka. Alizungumza mfululizo, maneno yanakanyagana, na mkono wake mmoja uliobaki na nguvu ukichora hewani. Mama Vifungo amesimama na kijiko mkononi.

"Anasema nini?"

"Subiri."

Fundi akamwonyesha mkewe kwa kidole, akasema tena yale maneno ya kuomba. Mama Mitumba akainama, akapangusa macho kwa upindo wa gauni lake.

"Niambie hata kama ni baya," Mama Vifungo akasema.

"Si baya. Anasema huyu mama ni mwema, ananiosha, ananigeuza. Lakini ni mgeni hapa, hata kusema hajui. Anatuomba tumfundishe polepole. Anasema tusimcheke, kuchekwa kunauma."

Kijiko kilianguka. Hakuna aliyekiokota.

"Mimi ndiye mgeni?"

"Wewe."

"Na chakula? Mbona anakataa chakula changu?"

Mama Mitumba alimwuliza mzee, naye akajibu kwa maneno yale yale ya kila siku, macho yakiwa mlangoni. "Anasema asante, lakini hawezi kuanza. Mke wake bado yuko dukani, anashona. Anamsubiri."

Hapo Mama Vifungo alilia, kilio chenye sauti, mbele ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimsema vibaya. Alilia kama mtu aliyepotea njia akiwa mlangoni kwake. Fundi akamtazama kwa huruma, akasema neno, na Mama Mitumba akalitafsiri bila kuulizwa: "Anasema pole."

Kuanzia siku hiyo Mama Mitumba akawa anafunga meza mapema na kuja. Mama Vifungo hakuanza na maji wala mkate. "Nifundishe swali moja," akasema, "lile watu walilokuwa wanamwuliza. Kwenu wapi. Na nifundishe jibu lake."

"Jibu lipi?"

"Wewe unalijua. Mtaa mzima unalijua."

Akajifunza akiwa jikoni, akiwa kisimani, akiwa anapiga pasi. Ulimi ulikataa. Kulikuwa na sauti iliyotakiwa kutoka kooni ndani kabisa, na yeye ilimtoka kama mtu aliyepaliwa. Binti yake alimsikia, kicheko kikamponyoka. Mama alimgeukia na macho mekundu. "Usinicheke." Binti akasogea karibu, akaanza kujaribu na yeye.

Fundi alikuwa anameza maji tu sasa, na kidogo. Mchana mmoja Mama Vifungo alifanya kile ambacho hakuwahi kufanya tangu mzee augue. Alimwacha binti akitenga sahani mbili chumbani, yeye akaenda kukaa kwenye cherehani, mlango wa kati wazi, akashona kipande cha kitambaa kweli kweli, mzee asikie. Kisha akasimamisha cherehani. Akaingia, akakaa mbele ya sahani yake.

Fundi alimtazama kwa muda. Akamwuliza, taratibu, kama anavyoulizwa mgeni, na swali hilo mkewe akalielewa lote: kwenu wapi, mama?

Akajibu kwa lugha ya mumewe. Alijikwaa, akarudia, sauti ya kooni ikamkwama tena, lakini ikatoka: kwetu hapo kona, mlango wa bluu.

 Midomo ya mzee ikaanza kutetemeka, upande mmoja ukapanda juu, ule wa kicheko. Akaunyosha mkono, akaushika mkono wa mkewe, akakipapasa kile kidole chenye sugu ya sindano. Akasema neno moja tu, kisha akafungua mdomo, anangoja kijiko.

Neno hilo Mama Vifungo hakulijua. Alimlisha kwanza, kijiko baada ya kijiko, supu inamwagikia shuka. Mama Mitumba alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake.

"Wifi," Mama Vifungo akasema bila kugeuka, "amesemaje?"

Mama Mitumba akauweka mfuko chini.

"Amesema umechelewa."

Mama Vifungo akamfuta mumewe kidevu.

"Basi nifundishe kusema najua."