Mwenye Mbuzi Hana Meno

Nakumbuka siku moja kwa harufu yake. Ilikuwa harufu ya nyama ya mbuzi ikichemka kwenye sufuria kubwa nyumbani kwa baba yangu, kijijini Mwazye, na mpishi nilikuwa mimi. Nilikuwa mke kijana wakati huo, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa mgongoni. Nilikuja kwa wazazi kusaidia jikoni kwa sababu wageni walikuwa wengi. Ungenikuta, mwanangu, ungedhani kuna harusi, maana nilikuwa naimba.

Haikuwa harusi. Mdogo wangu Felista alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Anjelina, na baba wa mtoto alikuwa Sixbert, kijana wa kijiji cha pili. Sixbert hakuwa maskini. Alinunua mahindi huku kwetu na kuyauza mpakani Kasesya, tena alikuwa na bodaboda yake na nyingine aliyompa mtu aiendeshe. Kuoa hakutaka. Kwa hiyo wazee wa kwao walikuja na mbuzi mmoja na pombe ya ulezi, kama ilivyokuwa desturi ya ukoo wetu na wa kwao. Mbuzi yule aliitwa wa kufuta aibu. Anachinjwa, pande mbili zinamla pamoja, na akishaliwa, neno la mimba ile halitajwi tena. Binti anabaki kwao na mtoto wake. Mwanaume ananawa mikono, anakwenda zake.

Ananawa mikono, mwanangu! Hata leo nikiliandika neno hilo, nalipigia mstari.

Nje, wazee walikuwa wamekaa kwenye viti na vigoda, wanachekeana. Baba mdogo wa Sixbert, mzee mwenye sauti nene, alikuwa akimwambia baba yangu, "Shemeji, maji yakimwagika hayazoleki. Watoto wamekosea, sisi wazazi tumalize kikubwa." Baba yangu akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza mtoto atavaa nini. Hakuna aliyemuuliza Felista, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma na kichanga ubavuni.

Ndipo alipofika Shangazi Klementina, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya ya kigango, na watu walimwogopa kidogo kwa sababu hakujua kunong'ona. Alipita kwa wazee wa kiume bila kusimama, akaingia jikoni. Nikapiga magoti, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Unapika nini?"

"Mbuzi, shangazi. Wa akina Sixbert."

"Sikukuuliza wa nani. Nimekuuliza unapika nini." Akafunua sufuria, akachungulia, akafunika. "Unapika maziwa ya mtoto wa mdogo wako. Unapika nguo zake na daftari zake za shule. Na unaimba! Sauti nzuri, lakini."

Nikaacha kuimba. Wa kwangu mgongoni alikuwa ameshiba, baba yake alikuwa shambani akihangaikia familia. Sikuwahi kufikiri kwamba wa Felista naye anahitaji vilevile.

Shangazi hakuzima moto wala hakumwaga chungu cha mtu. Aliacha nyama iive, akapakua sahani ya kwanza yeye mwenyewe, akaenda chumba cha nyuma, akatoka na Anjelina mkononi. Akaingia katikati ya wanaume, akaiweka ile sahani mezani, mbele ya kile kichanga.

"Karibu ule, mama," akamwambia mtoto. "Mbuzi ni wako."

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka, akadhani ni utani wa mashangazi.

"Mbona hali?" Shangazi akauliza. "Eti mwenye mbuzi hana meno! Basi wenye meno ni ninyi. Kuleni. Ila mjue mnakula chakula cha nani."

Baba mdogo wa Sixbert akasimama. "Klementina, unavunja mila mbele ya wageni."

"Mila ya kufuta aibu naijua tangu kabla hujaota ndevu," Shangazi akasema. "Nionyeshe penye aibu hapa. Ni huyu? Mfute basi, tuone kama atafutika."

Unajua walifanya nini? Walikula. Naomba ulisikie hilo vizuri. Walikohoa, kisha wakala mpaka mifupa. Baba yangu mwenyewe alikula, Mungu amrehemu. Wahenga walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe, lakini siku ile hakuna mlaji aliyekuwa na wasiwasi wa kulipa chochote. Wakapeana mikono, wakasema limekwisha.

Ulezi ulipokwisha kuvunwa, Felista alikuwa amekonda, maziwa yanakauka, na kila aliyepita nyumbani alimwambia avumilie. Alipompigia simu Sixbert, alijibiwa, "Mimi na ninyi tulishamalizana," simu ikakatwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa la wazee. Lilikuwa la Anjelina.

Shangazi akatuchukua mimi na Felista, tukaenda Sumbawanga mjini kwa afisa ustawi wa jamii. Mwanangu, ofisi hiyo usiiogope. Tulikuta dada mmoja kijana, akatupa viti, akatusikiliza. Sheria ya Mtoto ilikuwa bado mpya na sisi hatukuijua hata kwa jina. Shangazi akauliza maswali ambayo wasichana wananiuliza mimi hadi leo, pale Milanzi ninapoishi, wakija na vitenge vimefunika matumbo.

Akauliza, "Hawakufunga ndoa. Ana haki gani?" Dada akajibu kwamba haki si ya Felista, ni ya mtoto, na mtoto hajali kama kulikuwa na ndoa. Wazazi wote wawili wana wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Akauliza, "Wazee wameshakubaliana na nyama imeliwa. Tutaanzaje tena?" Dada akatabasamu kwa uchungu. Akasema wazee wanaweza kusameheana aibu yao wenyewe, lakini hawana mamlaka ya kusamehe matunzo ya mtoto, kwa kuwa si mali yao.

Shangazi akapiga paja. "Umesikia? Si mali yao!"

Sixbert akaitwa kwanza hapo ofisini, kwa mazungumzo. Alikuja na miwani ya jua juu ya kichwa, akaketi miguu mbele. "Dada yangu, mimi sina ajira. Ni mtu wa dili ndogondogo tu. Halafu nani kasema mtoto ni wangu? Huyu alikuwa na washikaji wengi."

Felista aliinama. Nilitaka kumrukia yule mwanaume, Shangazi akanishika kitenge.

Dada wa ustawi akasema kwa upole kwamba kama ana shaka, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na akikataa kupimwa, kukataa kwenyewe kutatazamwa kama ushahidi.

"Kipimo tena cha nini?" Sixbert akafoka. "Mbuzi si nilishatoa? Tena jike kubwa, wazee wote walimuona! Mnataka nitoe mara ngapi?"

Shangazi akamgeukia taratibu. "Ulimtoa kwa ajili ya nini, baba? Kwa ajili ya mtoto wa jirani?"

Kumbe sheria yenyewe inatambua mambo hayo. Mwanaume aliyemkiri mtoto hadharani, au aliyetimiza mila za kwao juu ya mtoto huyo, amejitia kitanzi mwenyewe. Mbuzi waliyemleta kufunga mdomo wa Felista ndiye aliyesimama kuwa shahidi wake.

Mazungumzo yakashindikana, tukaenda mahakamani. Hakimu alipima uwezo wa Sixbert na wa Felista, akatazama mahitaji ya mtoto na hali ya maisha ya huku kwetu, akatoa amri ya matunzo ya kila mwezi. Tulitoka tukicheka. Tulicheka mapema mno. Sixbert alilipa kwa muda mfupi, kisha akahamia Kasesya kabisa, akazima simu, na bodaboda zote mbili zikasemekana ni za kaka yake. Watu wa kijiji, badala ya kumlaani yeye, wakamwita Felista mpenda kesi. Mama wa mtoto mwenye njaa ndiye mkorofi, na baba aliyekimbia ni mpambanaji anayetafuta maisha! Naomba unieleze, mwanangu, ni akili gani hiyo.

Shangazi akasema, "Amri bila meno ni kama mahubiri. Turudi." Tukarudi kwa hakimu yuleyule. Safari hii tulikwenda na majina ya watu waliomuuzia moja ya zile pikipiki, nao wakaja kusema nani alitoa fedha na nani huiendesha kila siku. Hakimu akaamuru pikipiki ikamatwe iuzwe kufidia malimbikizo. Watu wa mahakama walimkuta nayo pale penye maegesho ya malori, abiria kapanda nyuma, mama mmoja na kapu la dagaa. Nasikia yule mama alishuka akauliza, "Kumbe una mtoto humlishi, na mimi unanitoza bei hii?" Waliokuwapo wote wakacheka.

Kesho yake Sixbert alipiga simu mwenyewe. Tangu siku hiyo alilipa, kwa kununa, lakini alilipa. Anjelina alipata maziwa, alipelekwa kliniki, na alipofikia umri wa shule alianza na wenzake, sare mwilini. Hatukuomba kingine zaidi ya hicho.

Sasa nikuambie wazi, wewe binti na wewe kijana unayenisoma.

Binti, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea ni kwa wawili. Usisubiri mtoto atembee. Kwa mama ambaye hakuolewa, sheria inaangalia muda: anza ukiwa mjamzito, au mtoto akiwa bado hajatimiza miaka miwili. Ukichelewa kuna njia bado, hasa kama baba aliwahi kutoa chochote katika muda huo, kwa hiyo ujumbe wa simu wa fedha aliyotuma usiufute hata ukiwa na hasira naye. Anza kwa afisa ustawi wa jamii, hutadaiwa fedha ya kusikilizwa. Na kama wewe huwezi, bibi wa mtoto, ndugu au mlezi anaweza kupeleka ombi mahakamani. Akiacha kulipa, usikae nyumbani ukilia, rudi mahakamani. Mwajiriwa anaweza kukatwa kwenye mshahara, mwenye mali mali yake ikakamatwa, na mkaidi anaweza kujikuta pabaya zaidi. Ila nawe usimfiche mtoto baba yake kwa sababu ya ugomvi wenu. Matunzo si nauli ya kumwona mtoto, na kumnyima kumwona si fimbo ya kudai matunzo.

Kijana, usiniambie huna ajira. Sheria haikuulizi kama una ajira, inakuuliza una uwezo gani, na mwenye kidogo atatoa kidogo. Kama huna hakika kwamba mtoto ni wako, omba kipimo, ni haki yako. Kumchafua mama yake si haki yako. Na ukihama, hata ukivuka mpaka, ubaba unavuka pamoja nawe.

Na ninyi wazee, maana sasa nami nahesabiwa mtu mzima na naalikwa kwenye vikao hivyohivyo, desturi ya kupatanisha koo ni nzuri, tuilinde. Lakini kikao kinachomaliza jambo la mtoto bila kumtaja mtoto si kikao, ni wizi unaofanywa na watu wenye heshima. Kabla hamjapeana mikono, mmoja wenu aulize kwa sauti: kesho asubuhi huyu atakula nini, na nani atakileta? Msipopata jibu, msinyanyuke.

Mwanangu, Mungu akupe uzao, na akupe mikono isiyochoka kuulisha. Akupe ulimi wa kudai kilicho cha mtoto bila haya, na masikio ya kusikia anapolia hata kama yuko mbali nawe. Na siku utakapokuwa mzee, mtoto wako akuite baba, akuite mama, na moyo wako usikushtaki.