Shemeji Kafuta Kivinjari Changu, Sasa Binti wa Watu Anakosa Chuo

Admin, ficha jina langu na la duka langu, maana Kyela ni ndogo, watu wanajuana hadi kwa mwendo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, nimeolewa, nina steshenari jirani na soko. Nilianza na taipureta enzi zile biashara zilipofunguliwa na kila mwenye ubavu akaweka kibanda chake, kompyuta ikaja baadaye. Naandika nikiwa na hasira ambazo sijui nizipeleke wapi. Na mtu asiniambie "pole dada, hiyo ni kompyuta tu." Si kompyuta tu.

Kwa miaka kumi na minne nimetumia kivinjari kimoja, ile programu ya kufungulia mtandao. Kizito, kinakwama, kila asubuhi kinalalamika kimepitwa na wakati. Lakini kilikuwa kinawajua wateja wangu wote. Hapa kwetu mtu akitaka kuomba chuo au ajira anakuja kwangu. Namfungulia barua pepe na akaunti, neno la siri natunga mimi, kivinjari kinalihifadhi, yeye anakwenda zake. Akirudi baada ya miezi anasema, "Mama, nifungulie ya kwangu," nabonyeza mara moja inafunguka. Zamani nilikuwa naandika kwenye daftari. Masika moja maji yakaingia dukani hadi magotini, kompyuta tukawahi kuipandisha juu ya kabati, daftari likageuka uji. Tangu siku hiyo karatasi sikuiamini tena.

Sasa huyu mdogo wake mume wangu. Ana miaka thelathini na nane, aliachishwa kazi Mbeya, yuko kwetu tangu Krismasi, na kazi yake kubwa ni kunicheka. "Shemeji, hiki kivinjari kimefikia umri wa kuoa." "Shemeji, wenzako wako mbali, wewe bado unasukuma mkokoteni." Nikamvumilia kwa heshima ya mume wangu.

Mwezi uliopita nikafiwa na mama mkubwa huko Busale. Misiba yetu mnaijua, huendi ukakaa saa mbili ukaondoka. Nilikaa siku nne, duka nikamwachia yeye. Siku ya mazishi akanipigia, nami nimeinamia sufuria la wali, wanawake wanalia, simu siisikii vizuri. "Shemeji, nikurahisishie kazi pale kwenye kompyuta?" Nikajibu, "Fanya tu, nipo msibani."

Narudi, nakuta kivinjari kipya. Kinang'aa, chepesi kweli, siwezi kudanganya. Cha zamani hakipo. "Nimekifuta na takataka zake zote, kilikuwa kinakula nafasi," anasema huku anatabasamu. Takataka! Walimu, wajane, vijana wa watu, kwake wote ni takataka! Nilimtukana siku ile kwa Kinyakyusa na Kiswahili mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Fundi niliyemwita alihangaika mchana kutwa, akasema hakuna cha kurudisha. Na shemeji bado ananiuliza, "Lakini si kinafungua haraka?"

Wengi nimeshawarekebishia. Unaomba neno jipya, meseji inaingia kwenye simu ya mwenyewe, mnamaliza. Nimebaki na mmoja. Nitamwita Mama Tumpe, mjane, mkulima wa mpunga kule Ngana. Binti yake Tumpe amechaguliwa chuo cha uuguzi, na mwisho Ijumaa hii awe ameingia kwenye akaunti yake na kuthibitisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Akaunti na barua pepe yake tulisajili kwa laini ya Malawi ya mjomba wake wa Karonga, kwa sababu kijijini kwao mtandao unaoshika vizuri ni wa ng'ambo ya mto wa mpakani. Mjomba laini ile alishaitupa. Nimepiga simu chuoni, dada wa watu akanijibu kwa upole, "Tuma ombi kwa barua pepe ile ile uliyosajili, au mhusika afike mwenyewe na vyeti vyake." Barua pepe ile ile ambayo neno lake nalo limefutwa! Nilitaka kuitafuna simu.

Mama Tumpe alikuja Jumatatu na mkungu wa ndizi. "Ndaga fijo, mama, asante sana kwa mwanangu." Nikamwambia mtandao unasumbua. Jana akaja tena, nikasema hivyo hivyo. "Mtandao wa huku, mwe!" akacheka, akaahidi kurudi leo.

Mume wangu anasema, "Alikuuliza, ukasema fanya tu. Mwambie kompyuta iliharibika, mpe nauli ya chuoni, yaishe." Shemeji nimeshamwambia afungashe, na mume wangu hali chakula changu kwa ajili hiyo. Asile.

Kinachonichoma hasa ni hiki, na sijamwambia mtu. Siku tunafungua ile akaunti, Tumpe aliniomba. "Mama, niandikie neno la siri nikae nalo." Nikamjibu, "Utalipoteza, likae kwangu." Uongo. Yule binti hapotezi kitu. Nilipenda tu wawe wanarudi kwangu, kila mtu Kyela nzima awe lazima apite dukani kwangu. Shemeji alifuta, ndiyo, na sitamsamehe leo wala kesho. Lakini asingepata cha kufuta kama kila mtu angekuwa na chake.

Leo ni Jumatano. Tumpe akipanda basi la alfajiri kesho, chuoni bado anawahi. Mama Tumpe amekaa kwenye benchi langu hapo nje sasa hivi, na leo amekuja na binti yake. Ndugu zangu, nijibuni upesi kabla sijatoka. Mama mtu nitampata kwa maneno, ananiamini. Huyu binti aliyeniomba kilicho chake nikamnyima, nikamwambie nini?