Msamaha kwenye Mlango wa Watu

Treni ya saa moja jioni ilipita, ya saa mbili ikapita, na mume wangu hakushuka kwenye hata moja. Najua, kwa sababu dirisha la jikoni kwangu linaona njia yote kutoka stesheni mpaka kwa kinyozi wa kona, na mtaa wetu mzima hurudi kwa miguu. Wanajaa barabara, kisha wanapungua mlango kwa mlango, huyu anaingia, yule anaingia, mpaka anabaki paka peke yake. Jioni ile nilimwona mwalimu wa hesabu, nikamwona nesi na mwavuli wake uliovunjika ubavu, nikamwona hata yule jirani anayejifanya hanioni. Wangu hakuwepo.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilipiga mara kumi na nne, nikaiacha kidogo ipumzike, kisha nikaanza tena.

Ungekuwa wasiwasi wangu wa kila siku tu, kama asubuhi tusingegombana. Mume wangu ni fundi wa lifti mjini, mwaka wa ishirini na moja sasa. Kila jioni akivua viatu hunisimulia lifti iliyokwama. Leo ni wanasheria watatu na keki ya harusi kati ya ghorofa ya nne na ya tano, kesho ni mzee aliyelala humo humo akidhani ni chumba cha kusubiri. Ananieleza nyaya zinavyochakaa, breki zinavyoteleza. Sasa mtu huyo huyo, baada ya kunijaza hofu miaka yote hiyo, akaja kuniambia amepata nyumba ya kupanga mjini, karibu na kazini, ghorofa ya saba. Nikamuuliza tutapandaje. Akasema kwa lifti.

Mimi hapa siondoki. Kwa miguu yangu nafika zahanati, nafika sokoni, nafika shuleni kwa binti yetu nikiitwa, na kwa dada yangu ni mlango wa nne, naenda na kurudi maji ya chai hayajachemka. Mjini ningekaa juu kama nguo iliyoanikwa. Siku ile ndiyo ilikuwa ya kusaini mkataba. Akiwa anafunga kamba za viatu nilimwambia, "Ukisaini, usirudi." Sikumaanisha. Yaani, ya kusaini nilimaanisha, ya kutorudi sikumaanisha. Na sasa hakurudi, kwa hiyo nikajua amesaini.

Dada yangu mkubwa alikuja na ndala zake na kitana kikiwa bado kichwani. Kwanza alisema shemeji yake amepitiwa na usingizi kwenye treni. Baadaye akasema labda na yeye leo kakwama kwenye lifti, aonje. La tatu hakulisema kwa mdomo, alilisema kwa macho.

"Usiniangalie hivyo," nikamwambia. "Wangu hana hayo. Akimtongoza mtu ataanza kumweleza breki."

Saa nne kasoro robo simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, ya chini chini.

"Samahani dada," akasema. "Una mume mrefu, amebeba mfuko wa spana?"

Nikakaa chini, nikamuuliza kama yu hai.

"Yu hai sana. Yuko mlangoni kwangu, ananiomba msamaha. Mimi nimeshamsamehe, ila naona hatosheki."

Hapo lazima nieleze kidogo, maana hata mimi nilielezwa mara mbili. Mtaani mume wangu wanamwita Bwana Hatua, kwa sababu anahesabu kila kitu anachokitembea. Kutoka stesheni mpaka mlangoni kwetu ni hatua elfu moja mia tatu na kumi na mbili, na anazitembea akiangalia ncha za viatu. Kwenye treni hufumba macho na kuhesabu vituo. Cha tano ni chetu. Jioni ile treni ilisimama kidogo katikati ya njia, porini, kupisha nyingine. Yeye akakihesabu kile kisimamo. Ilipofika tano yake akashuka, na ilikuwa nne.

Sasa kile kitongoji cha kituo cha nne na chetu vilijengwa na mkandarasi mmoja, na mkandarasi yule alikuwa na ramani moja tu na haraka ya kumaliza. Stesheni ni ile ile, kona ni ile ile, kinyozi kwenye kona yupo, mageti yote ya kijani. Mume wangu akatembea hatua zake zote bila kukosea hata moja, akafika mlangoni, akatia ufunguo. Ukakataa. Fundi hakubali kukataliwa na kitasa, akaulazimisha mpaka ukakatikia ndani. Wala hakufikiri kwamba amekosea nyumba. Alifikiri mimi nimebadilisha kitasa.

Yule mama aliyenipigia alikuwa peke yake ndani, kanyamaza kwa woga. Mume wangu akautambua ukimya ule. Alisema, na hili niliambiwa neno kwa neno, kwamba ndivyo nilivyo nikikasirika, natulia kama friji. Basi akakaa kwenye ngazi akaanza kuungama.

"Nilikuwa nimeshika mwiko," yule mama akaniambia. "Lakini niliogopa dakika tano tu. Baada ya hapo nilivuta kigoda."

Nikamuuliza yule mama, mume wangu amesema nini? Akasita, kama mtu mwenye haya zake, kisha akanipa yote. Kwamba aliyeunguza pasi ni yeye, si binti yetu tuliyemnunia wiki nzima. Kwamba mapazia ya sebuleni hajawahi kuyapenda, mwaka wa nane huu. Kwamba mara ile tulipoalikwa kwa mama yangu, yeye ndiye aliyempigia akasema naumwa tumbo. Kwamba mkataba ameusaini, uko mfukoni, anatakiwa aupeleke kesho kabla ya saa nne asubuhi, na njia nzima kwenye treni alikuwa anapanga namna ya kuniambia. Na kwamba amechoka. Anatoka nyumbani giza, anarudi giza. Mwaka wa ishirini na moja huu, hajui barabara yetu inafananaje siku ya kazi mchana.

Hilo la mwisho hakuwahi kuniambia mimi.

Dakika ya ishirini na tano alilitaja jina langu, ndipo yule mama akafungua kidirisha akamwambia, "Baba, huyo si mimi." Simu ya mume wangu ilikuwa imekufa chaji, hivyo yule mama akamwomba aandike namba ya mkewe. Akaandika kwenye karatasi ya kwanza iliyotoka mfukoni, akaipenyeza chini ya mlango.

"Ndiyo hii ninayoisoma," yule mama akasema. "Naona ina mihuri na sahihi. Niitunze au niitupe?"

Nikamwambia asubiri.

Kutoka kule mpaka kwetu, ukifuata njia ya pembeni ya reli, ni mwendo wa dakika arobaini. Yule mama alimwelekeza kupitia kidirisha tukiwa bado kwenye simu, akaniambia ameanza kutembea, anahesabu upya kutoka moja. Dada yangu alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Kisha akanipa ushauri wake, kwamba nikae kama sijui kitu, nimwache ajisemee. Nikasema sawa. Nikakaa nikitazama mapazia, na kweli, yana kijani kingi.

Akabisha hodi, maana ufunguo wake ulikuwa kwenye kitasa cha watu.

"Ni mimi," akasema kutoka nje.

"Mimi nani?"

"Mumeo. Nisamehe, nimechelewa."

Nikasubiri aendelee, hakuendelea. Nikamuuliza kama amemaliza, akasema amemaliza.

"Kwa watu umeongea dakika ishirini na tano," nikasema. "Kwangu unamaliza kwa pumzi moja?"

Kisha akauliza taratibu, "Amekueleza?"

"Mpaka mapazia."

Akaanza kusema mapazia si mabaya, ukiyazoea. Dada yangu aliuma mto wa kochi. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo lakini sikuugeuza, kwa sababu siku nzima nilikuwa nimejipanga kushinda, na sasa nilikuwa naisikia miguu yake nje, anauegemea huu, anauegemea ule.

"Mkataba uko kwa yule mama," nikamwambia. "Anauliza autunze au autupe. Nimesikia kwamba umechoka. Sema wewe."

Dada yangu akanifinya. Niliogopa kweli. Angesema autunze, ningekwenda, na nilishaanza kujiona ghorofa ya saba nikishuka kwa ngazi na kapu la sokoni.

"Mke wangu," akasema, "leo nimekaa karibu nusu saa nje ya mlango nikidhani ni wetu. Na huku nyumba ziko chini, kila mtu na geti lake. Lile jengo lina milango themanini na minne, yote rangi ya kahawia. Nitawaomba msamaha wangapi?"

"Jibu swali."

"Autupe." Nikamsikia akiweka chini mfuko wa spana. "Ila nitaomba likizo wiki hii, hata siku moja. Nataka kuona huku mchana. Unitembeze."

Nikampigia yule mama pale pale, nikaweka sauti kubwa ili aliye nje asikie. Akauchana mkataba karibu na simu, taratibu, vipande vinne, kwa raha kabisa ya mtu ambaye mkataba si wake. Kisha akasema hiyo siku ya likizo aanzie kwake, maana kitasa kina ufunguo wa mtu ndani na yeye anapita mlango wa nyuma kama mwizi. Mume wangu akaitikia kutoka nje kwamba atakwenda. Nikamuuliza kama anajua ni kituo cha ngapi.

Nikageuza ufunguo, nikafungua. Alisimama kwanza, akainua macho akasoma namba ya nyumba, ndipo akaingia.