Kitabu cha Mpunga

Mwaka ule tulikula ugali wa unga wa njano. Unga wenyewe ulitoka ng'ambo kwa meli, ukaja Mpanda kwa treni, kisha kwa lori hadi huku Mpimbwe, na ulipofika ulikuwa umechoka kuliko sisi. Ukiusonga unanuka gunia. Tuliula na mlenda. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilianza kusoma mwaka gani, simtajii namba. Namwambia mwaka wa unga wa njano, na wenzangu wanaelewa.

Serikali ilisema watu wazima wote wajue kusoma. Sawa. Tukakusanyika hapa Kasansa kwenye banda la kigango cha kanisa, wanawake wengi na wanaume wachache, waliokaa nyuma wakijifanya wamekuja kutafuta wake zao. Mwalimu alikuwa binti aliyemaliza darasa la saba. Tulimheshimu, ingawa wengine tulimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Vikaletwa vitabu. Vyote vilikuwa vya tumbaku.

Sisi tunalima mpunga. Tumbaku kwetu ilikuwa kitu cha bibi kizee kunusa. Binti akaeleza kwamba vitabu vimegawanywa kwa kanda, hawa pamba, wale mpunga, wengine tumbaku, na kitabu cha kanda moja hakiruhusiwi kuuzwa kanda nyingine. Sisi tulihesabiwa pamoja na watu wa tumbaku wa kule Mpanda juu. Nikauliza huyo aliyetuhesabu alikuwa amesimama wapi. Watu wakacheka, binti akatuambia tufungue ukurasa wa kwanza.

Nilijaribu. Miezi miwili nilisoma habari za bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, ambayo sijaiona hata siku moja. Herufi hazikuingia. Neno nisilowahi kulishika kwa mkono lilinitoka kichwani kabla sijafika nyumbani.

Ndipo akaja jirani mpya, mama wa Kisukuma, aliyehamia na familia yake na ng'ombe wao. Kwenye mizigo yake kulikuwa na kitabu cha mpunga cha huko kwao, na yeye alishakimaliza. Nikampa kuku anayetaga, akanipa kitabu. Mume wangu akasema kuku analiwa, kitabu hakiliwi. Nikamwambia asubiri.

Mpunga ulikuwa umetoa masuke, ni wakati wa kulinda ndege. Kutwa nzima unakaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, unapiga kelele ili kwelea wasishuke. Mimi nikapanda na kitabu. Badala ya kupiga kelele za bure, nikapiga za kitabu. Pa-li-li-a, ndege wanaruka. Pa-ndi-ki-za, wanaruka tena. Majirani wakaniita mwalimu wa ndege. Walicheka mpaka mavuno, nami nikavuna nikiwa najua kusoma.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na muhuri wa zambarau ambao siku zote nilidhani ni pambo. Siku moja kabla ya mavuno, palepale juu ya dungu, nikausoma: "Kiuzwe Kanda ya Ziwa tu." Nikakaa kimya, ndege wakashuka wakala. Kumbe kitu cha kwanza nilichosoma bila kufundishwa na mtu kilikuwa kinasema sikutakiwa kuwa nacho.

Baada ya mavuno akaja pale bandani bwana wa elimu kutoka wilayani, kuandikisha watu wa mtihani. Anayefaulu anapewa cheti chenye jina lake. Nilikitaka hicho cheti, sitadanganya. Nilishachagua hata ukuta wa kukitundika. Bwana akaona kitabu mapajani kwangu, akakichukua, akakifungua, akakutana na muhuri. Hakuwa mtu mbaya. Akaeleza taratibu kwamba mtihani wetu ni wa tumbaku, na kitabu hiki huku kimekatazwa, lazima kirudi.

"Mama, niachie hiki, nami nakuandikisha mtihani sasa hivi."

"Na mpunga wangu nao unauchukua?"

"Mpunga baki nao, mama. Kitabu tu."

Mume wangu akasema kutoka kule nyuma nimpe tu yaishe, cheti ni cheti. Binti akaniangalia kwa macho ya kuniomba. Nikakitoa kitabu mkononi mwa yule bwana, polepole, nikakifungia tumboni ndani ya kanga.

"Mimi nalima mpunga. Kitabu hiki sikitoi."

Bwana akashusha pumzi. Akamwambia binti aandike kwenye daftari la wilaya kwamba huyu mama hajui kusoma wala kuandika, na mtihani ameukataa. Hapo nikasimama. Nikasema walete kalamu, kama ni kuandikwa najiandika mwenyewe. Akanisogezea daftari.

Kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe. Mstari ulipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Cheti sikupata mpaka leo, na ule ukuta uko mtupu. Lakini daftari lile lilikwenda wilayani na mwandiko wangu ndani yake, na wakubwa wakasoma:

Mimi nalima mpunga. Kitabu hiki sikitoi.